Kwangu Mtu Huongea na Uso Wake

Tarehe 3, mwezi wa nne

Mwanangu,

Pokea salamu zangu kabla hujaanza kununa. Mimi mzima, mama yako mzima, kifua chake kinapiga filimbi asubuhi kama kawaida halafu kinanyamaza. Natumai na wewe u mzima huko hospitali mlikofungiwa na mashuka yenu. Dawa yake ya kupuliza imefika, dereva wa mikate kaileta mkononi pamoja na bahasha yako, na mikate miwili ambayo hatukuiomba.

Umeuliza kwa nini simu ya mama yako haipatikani. Haipatikani kwa sababu imeingia kwenye ndoo ya tindikali, ile ninayosafishia bati kabla ya kulehemu. Iliteleza. Ikachemka kidogo ikatulia. Fundi simu naye amefunga duka kwa amri yenu hiyohiyo ya ugonjwa. Kwa hiyo tutaandikiana. Mimi niliishia darasa la tatu lakini mwalimu alisema mwandiko wangu ni mzuri kuliko wake, tena alisema mbele za watu. Na simu sijawahi kuipenda, inakoroma tu sikioni kama mtu mwenye mafua. Barua haikoromi.

Sasa kuhusu amri. Mlango wa mbele wa karakana nimeufunga na kufuli juu, kila apitaye aone. Mlango wa uani ni wangu, haukutajwa na mtu. Juzi alikuja askari, kijana mrefu, barakoa imempanda mpaka machoni. Akasema maneno yake mengi na mimi nikamjibu yangu mengi. Nikamwambia hizi ndoo za kunawia mikono mlizoamrisha ziwe kila mlango, zile zenye bomba, anazitengeneza nani? Mvua? Anazitengeneza Nyundo, mtu wa miaka sabini na minne, ndoo arobaini na moja kwa wiki, hakuna fundi bati mwingine mji huu anayefika ishirini. Akasema tena. Nikasema tena. Mama yako akaja akamvuta pembeni wakaongea, askari akaondoka. Nilimshinda. Mama yako anasema alikuwa anaomba maji ya kunywa tu, lakini mama yako hapendi nionekane nimeshinda.

Nakwambia kweli mwanangu hizi barakoa sizitaki. Anayefunika uso ni mwizi. Karakana kwangu ukiingia unavua, kwangu mtu huongea na uso wake, ndiyo sheria yangu, na sheria yangu ni ya zamani kuliko yao.

Mama yako anakusalimu. Amekaa hapa kwenye kigoda chake pembeni yangu kama siku zote.

Ni mimi Baba yako, Nyundo mwenyewe.


Tarehe 7, mwezi wa nne

Baba,

Shikamoo. Mwamkie na mama. Mimi mzima, ila mikono imechubuka kwa dawa ya kufulia, nikishika kalamu inauma. Habari ya simu nilicheka. Halafu nikaacha kucheka.

Baba, nisikilize. Hapa chumba cha kufulia tuko wanne. Wagonjwa hatuwaoni, tunaona mashuka yao. Kila shuka lina namba ya kitanda, imeandikwa kwenye pindo kwa wino usiotoka. Mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani, shuka lake la mwisho linakuja kwenye mfuko mweupe. Akifariki, linakuja kwenye mfuko mwekundu. Jina hatuambiwi. Wiki jana mifuko myeupe ilikuwa kumi na tisa na myekundu sita. Wiki hii myeupe minane, myekundu kumi na minne. Si vitisho. Wewe ni mtu wa karakana, unaamini kilichoko juu ya meza ya kazi. Hiki ndicho kilichoko juu ya meza yangu.

Wauguzi wanasema wenye kifua hawachukui siku nyingi. Mama ana kifua.

Dereva wa mikate ameniambia mlango wa uani una foleni. Ameniambia watu wanaingia mpaka ndani, wanavua barakoa, na mama amekaa katikati yao kama bibi harusi. Ni kweli?

Nakuomba kwa magoti. Ndoo tengeneza, sikukatazi, watu wanazihitaji. Lakini oda ziachwe getini kwenye karatasi. Mtu asiingie. Na kwa kuwa wewe unakutana na watu, hamia karakana ulale huko, mama abaki chumbani peke yake, chakula mpeane dirishani. Ni wiki chache. Mimi mwenyewe nimelala hapa hosteli mwezi mzima, sijaona mlango wa nyumbani, na sijafa.

Wako, Binti yako.


Tarehe 12, mwezi wa nne

Mwanangu,

Salamu zako zimefika na makaripio yako yamefika, nayo ndiyo yalikuwa mazito zaidi kwenye bahasha. Sisi wazima. Mikono yako ipake mafuta ya nazi usiku, usione aibu, hata mimi napaka.

Huyo dereva wa mikate mwambie aendelee na mikate. Mtu anayepita mara moja kwa siku na gari halijazimwa anajuaje mambo ya uani kwangu? Nilimtengenezea baba yake mfereji wa paa ambao mpaka leo hauvuji tone, hiyo ndiyo shukrani.

Umeniambia nihame chumbani nimwache mama yako peke yake. Mwanangu, miaka arobaini na sita mimi na yeye hatujalala mbalimbali ila siku ulipozaliwa wewe, na siku hiyo nililala nje ya mlango wa wodi. Mimi nimeugua homa ambazo hazina majina. Nimekunywa moshi wa risasi ya kulehemu tangu nina miaka kumi na sita. Kama mapafu yangu yangekuwa ya kufa yangeshakufa. Kadudu ambako hata hakaonekani ndiko kanitoe kitandani kwangu? Na oda za karatasi sitaki. Mtu anaandika “ndoo kubwa”. Kubwa ya nani?

Nikupe habari ucheke. Juzi alikuja yule mama wa maziwa, yule mnene mwenye baiskeli. Kopo lake la lita ishirini limetoboka. Akasimama mlangoni na barakoa ya maua, anaongea humo ndani, mum mum mum. Nikamwambia vua hilo tambara. Akatikisa kichwa. Nikamwambia kwangu mtu huongea na uso wake, kama hutaki chukua kopo lako kamuone fundi mwingine, na fundi mwingine hakuna, wote wamejificha chini ya vitanda. Akamtazama mama yako. Mama yako akaniambia, “Mwache bwana, mimi nitakueleza.” Nikasema hapana, sheria ni sheria, hata polisi wanasema hivyo. Basi akavua. Kumbe limetoboka kwenye mshono wa kitako. Tungepoteza siku nzima kwa jambo la dakika mbili! Alikuwa na kikohozi kidogo, moshi wa karakana huo, kila mtu anakohoa kwangu. Mama yako akampa maji.

Kopo nitalimaliza Jumamosi. Nimelikata kitako kizima naweka kipya, litamzika.

Baba yako Nyundo, asiyeogopa vidudu.


Tarehe 15, mwezi wa nne

Baba,

Leo salamu fupi, nisamehe.

Jana saa tatu asubuhi machela ilipita mbele ya chumba cha kufulia. Nilimtambua kwa viatu, vile vya plastiki vya kijani anavyovaa akiwa kwenye baiskeli. Ni mama wa maziwa. Yuko wodi ya pili, kitanda namba tisa. Anayo, Baba. Wamepima.

Siku ulipomvua barakoa alikuwa tayari anayo. Wauguzi wanasema alikuwa ameivaa kwa sababu hiyohiyo, alijihisi mafua, akawa anawakinga watu. Alikuwa anamkinga mama.

Sasa fanya ninayosema, na usinijibu kwanza. Toka chumbani leo hii. Mama afunge mlango, dirisha wazi. Uani asiingie mtu yeyote. Akianza kukohoa kuliko kawaida yake, au akishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, wewe toka barabarani ukapige kelele mtu apige simu hospitali. Usisubiri dereva. Usisubiri asubuhi.

Nina swali moja, silali kwa ajili yake. Kile kitambaa kilikukosea nini? Mama alikuambia umwache. Ungepungukiwa na nini, Baba? Siku zote lazima ushinde wewe.

Binti yako.


Tarehe 17, mwezi wa nne

Mwanangu,

Nimehama. Niko karakana, nimetandika magunia kati ya meza ya kukatia na pipa. Uani pamefungwa, nimezungushia waya. Walikuja watu wanne na oda nikawarudisha kwa mkono, sikufungua kinywa.

Mama yako amekohoa tangu jana mchana. Sentensi anamaliza. Nimemhesabia dirishani.

Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi na nimeshachana mbili. Umeniuliza swali. Nilikuwa na jibu zuri la kukushinda, nimelichana pamoja na karatasi.

Umesema mama yako alale chumbani peke yake, mlango ufungwe. Vizuri. Akibanwa usiku ataniita. Sasa nikuulize na mimi, ataniita vipi?

Mimi sisikii.

Nimeliandika. Nimetumia wino wa kuchorea bati, halifutiki.

Sikio la kushoto lilikufa wewe hujazaliwa. La kulia lilikuwa linafifia polepole kama taa inayoishiwa mafuta, likazimika mwaka ule ulipoanza wewe kazi huko. Nyundo miaka hamsini na minane, mwanangu, bati linapiga kelele kuliko kitu chochote duniani. Nasoma midomo. Nilijifundisha mwenyewe, hakuna mwalimu, na kwa kazi hiyo mimi ni fundi kuliko hata kwenye bati. Mtu yuko ng'ambo ya barabara ananisengenya namwona neno kwa neno. Nawajua watu wote wa mtaa huu wanasema nini juu yangu. Lakini sikumwambia mtu. Ukisikika fundi ni kiziwi watu wanasema amezeeka, wanaenda kwa mwingine. Anajua mama yako tu. Ndiyo maana anakaa kwenye kile kigoda. Hakipendi, kinamuuma kiuno. Anakaa ili mtu akiongea akiwa amegeuka, yeye anigeukie aniambie. Ni masikio yangu yale, nimeyakalisha kwenye moshi miaka yote.

Halafu siku moja naamka mji mzima umefunika midomo. Kila mtu! Ilikuwa kama mtu amepita kila nyumba akazima taa. Yule askari sikujua alikuwa anataka maji.

Na mama wa maziwa sikumvulisha ili nishinde. Nilitaka kujua kopo limetoboka wapi.

Basi umejua. Usimsomee mtu barua hii.

Nimefunga waya mwembamba kwenye kitanda cha mama yako, upande wa mkono wake. Umepita kwenye tundu la ukuta mpaka huku, nimeufunga kwenye kifundo cha mguu wangu. Akivuta najua. Tumejaribu mara tano, unafanya kazi vizuri sana, sijui kwa nini watu hawauzi kitu kama hiki madukani. Mara ya sita alivuta akanikuta dirishani nimekimbia na kiatu kimoja, akacheka mpaka akakohoa. Nikamwambia basi asicheke.

Baba yako.


Tarehe 19, mwezi wa nne

Mwanangu,

Waya ulivutwa alfajiri. Mara moja tu, halafu ukalegea.

Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda. Midomo ilikuwa inaenda lakini haikuwa na neno, mimi ninayesoma watu wa ng'ambo sikupata hata moja, ilikuwa inatafuta hewa. Nimepiga debe barabarani kwa nyundo mpaka milango ikafunguka. Gari limekuja.

Walioshuka wamevaa kama wafuga nyuki. Wananiuliza mambo, nawatazama, naona vioo tu. Nikawaambia mimi ni kiziwi. Nimesema kwa sauti barabarani, mtaa mzima umesikia, mimi tu ndiye sikusikia. Mmoja akatoa kalamu akaandika kwenye kiganja cha glavu, MIAKA? Nikasema sabini na moja. Akaandika, PUMU? Nikasema ndiyo, na yeye ni mbishi, msimlaze chali.

Hawakunichukua. Wamenipima puani, wakaniandikia nisitoke siku kumi na nne. Gari limeondoka na mguu wangu bado una waya.

Yuko kwako. Mtafute.

Baba


Tarehe 20, mwezi wa nne

Baba yangu,

Shikamoo. Umekula? Mwambie jirani akuwekee chakula getini, usione haya.

Mama amefika. Wodi ya pili, kitanda namba kumi na nne. Mimi siruhusiwi kupita mlango ule, lakini muuguzi mmoja ananifanyia hisani, akija na mashuka machafu ananiambia. Wamemvika barakoa ya oksijeni. Hasemi. Anafungua macho akiitwa.

Barua yako ya tarehe kumi na saba nimeisoma mara nyingi kuliko vile karatasi inavyoweza kustahimili. Unakumbuka nilipokuwa darasa la sita, nilipopata namba moja? Nilikimbia kutoka shule, nikasimama nyuma yako nikakuambia, ulikuwa unakata bati. Hukugeuka. Nikasema tena. Hukugeuka. Nikaenda jikoni kulia. Baadaye mama alikuja kukuambia, ukatoka ukanibeba begani mtaa mzima ukitangaza mwanangu ni namba moja, na mimi nilikuwa nimeshanuna, nikasema moyoni huyu anajali kwa sababu mama amemsukuma. Nimekaa na hilo miaka ishirini na sita.

Ungeniambia, Baba. Ningesimama mbele yako. Ni hatua mbili tu.

Bado nina hasira. Hasira ni ya mama na sijui niiweke wapi. Lakini ile ya namba moja nimeiacha.

Nimewaomba wenzangu wa kufulia, mfuko wowote wa wodi ya pili niufungue mimi. Wamekubali. Sasa kila mkokoteni ukisukumwa kuja huku natazama rangi kabla ya kitu chochote.

Binti yako.


Tarehe 29, mwezi wa nne

Mwanangu,

Salamu nyingi, nyingi kweli, sina wa kumpa nyingine. Majibu ya pua yamekuja, ninayo. Nilikuwa na homa siku tatu na chakula hakina ladha, basi. Mimi kidudu kimenipita kama mvua ya kupita, yeye kimemwangukia. Ningekuwa naweza kubadilishana ningefanya hivyo bila kupatana bei.

Siku hizi karakana haina kelele. Najua ni kichekesho nikisema hivyo mimi. Lakini bati likigongwa nalisikia kifuani, na siku kumi kifua hakijagongwa.

Nimefanya kazi moja tu, ya kulehemu, kopo la mama wa maziwa. Nimemaliza kitako, nimelijaza maji nimeliacha usiku, halikutoa hata jasho. Ulisema yuko kitanda namba tisa. Mwambie muuguzi wako amwambie kopo liko tayari, na asitoe chochote. Mwambie pia kwamba nilikosea. Hapana, usimtume muuguzi kwa hilo, nitasema mwenyewe.

Kumi na nne yukoje?

Baba yako.


Tarehe 1, mwezi wa tano

Baba,

Shikamoo. Nashukuru homa imekwisha.

Nilitaka barua hii niicheleweshe, lakini sisi wawili tumefichana ya kutosha. Shuka la kitanda namba tisa lililetwa jana mchana. Mfuko mwekundu. Nililifua mimi mwenyewe, kwa mkono, ingawa tunaambiwa tutumie mashine.

Pole, Baba.

Kumi na nne bado yuko kwenye oksijeni. Haongezeki, hapungui. Daktari amesema siku tano zijazo ndizo zitaamua.

Siku zako kumi na nne zinaisha keshokutwa. Wodi ya pili iko chini, ina madirisha makubwa yanayotazama bustani ya nyuma. Jamaa wanaruhusiwa kusimama nje ya kamba saa nne asubuhi, robo saa, na barakoa. Vioo havifunguliwi. Watu wanapunga mikono tu na kulia. Kitanda cha mama ni dirisha la tatu. Njoo. Lakini vaa, Baba. Wasipokuona umevaa watakurudisha, na mimi sitakutetea.

Binti yako.


Tarehe 8, mwezi wa tano

Mwanangu,

Pokea salamu za mtu aliyechoka miguu. Nimekuja siku nne mfululizo, kwa miguu, kwenda na kurudi.

Nimevaa. Tena barakoa yangu nimeiwekea utepe wa bati mwembamba puani nikaukunja kufuata mfupa, haitelezi hata ukipiga chafya. Mlinzi wa geti ameniomba kwa ishara nimtengenezee na yeye. Nimemwambia aniletee vipimo.

Siku ya kwanza alikuwa amelala, sikuona mdomo. Ile barakoa yake ya hewa ni ya plastiki, inapitisha macho, lakini imejaa ukungu. Nikataka kukasirika, halafu nikaona ule ukungu unakuja na kuondoka, unakuja na kuondoka. Ni pumzi yake. Robo saa nzima nilihesabu ukungu, nilifika mia tatu na kitu mlinzi akanigusa bega. Siku ya pili hivyohivyo. Nyumbani nikawaza, huyu hawezi kunisikia kwenye kioo, na yeye midomo hajui kusoma, hakuwa na haja. Nitamwambiaje? Nikachukua bati jipya, futi tatu kwa mbili, nikapiga herufi kwa tindo moja moja. Unajua herufi kwangu ni kazi. Nikazipaka lami zionekane. NIMEKOSA. Herufi nane, nimetumia mchana na usiku kucha.

Jana nililiinua juu ya kichwa. Watu kando yangu wakatazama, waache watazame. Alikuwa ameegemezwa mito. Akasoma taratibu, nikaona macho yanavuka herufi. Kisha akainua mkono, akasogeza ile plastiki pembeni. Muuguzi akaruka kumzuia, lakini mama yako unamjua, alimwinulia kidole kama anavyoniinulia mimi. Akasema. Mara ya kwanza tangu alfajiri ile nikaona mdomo wake wote.

Alisema, “Hilo najua. Umekula?”

Basi. Akarudishiwa hewa. Nikajibu nimekula, kwa sauti, sijui kwa nini.

Ikawa balaa sasa. Mwanamke mmoja kando akanivuta shati, akanionyesha dirisha la tano, akaniandikia kwamba mumewe anasema kitu hawajui ni nini siku tatu. Nikatazama. Nikamwambia anasema funguo za duka ziko ndani ya kiatu cheusi. Akaanguka chini kwa kicheko na kilio. Wakaja wengine. Walikuwa kama ishirini pale nyuma ya kamba, hakuna anayesikia kitu, wote viziwi siku hiyo, na mwenye masikio ni mimi peke yangu. Leo walikuwa wananingoja getini. Mlinzi ameniongezea robo saa. Mlinzi ameniandikia kwamba wananiita fundi wa madirisha. Mimi sijasema kitu, wamesema wenyewe.

Lakini dirisha lililokuwa la kitanda namba tisa kuna mtu mwingine, kijana. Kila nikipita hapo macho yanashuka.

Mama yako leo hakuamka nilipokuwepo. Ukungu ulikuwa mdogo. Niambie kama ni mimi tu nimeuona mdogo.

Baba yako.


Tarehe 16, mwezi wa tano

Baba,

Sikukujibu siku nane kwa sababu hukuuona vibaya. Ulikuwa mdogo kweli. Usiku wa tarehe nane walimgeuza kifudifudi, na mimi sikuweza kukuandikia hivyo wakati unakuja kila siku kusimama pale. Ulipokuta pazia limefungwa wakakuandikia wanasafisha, niliwaomba mimi waandike. Nisamehe. Nilikuficha kama ulivyonificha.

Leo asubuhi mkokoteni wa wodi ya pili umekuja na mfuko mmoja tu. Niliona rangi kutoka mlangoni na bado nilienda kushika pindo na kusoma namba, nikasoma tena, nikawaita wenzangu wasome.

Kumi na nne. Mfuko mweupe.

Njoo umchukue getini saa nane. Lete shali lake. Wakikupa maelekezo, waambie waandike.

Mwanao, namba moja.


Tarehe 2, mwezi wa saba

Mwanangu,

Salamu kutoka kwa wawili. Mama yako amenenepa kidogo, ngazi za mlangoni anapanda kwa kupumzika mara moja. Filimbi ya kifua imerudi, anasema sijui ninaisikiaje, namwambia naiona. Kigoda nimekichoma kuni. Nimemtengenezea kiti cha kuegemea na kiko chumbani dirishani, si karakana. Karakana nimetundika kibao nje ya mlango, kwa lami: FUNDI HASIKII. ANDIKA. VAA. Nilidhani watapungua. Wiki hii ndoo hamsini na tatu, mji huu haijawahi kutokea.

Jana tulikwenda na mama yako, polepole, nyumbani kwa mama wa maziwa. Nilibeba kopo. Baiskeli yake imeegemezwa ukutani, magurudumu hayana upepo. Mumewe alitoka akasimama mlangoni amevaa barakoa, na sisi tumevaa. Nikaweka kopo chini. Nikamwambia niliyokwenda kusema, yote, nilimvulisha mimi, hakutaka, nilimtishia na kopo hili. Sikujisifu hata neno moja, muulize mama yako.

Akalipindua kopo akatazama kitako kipya. Akaanza kusema. Alisema mengi, mabega yanatikisika, kile kitambaa kinaenda mbele na nyuma. Sikuona amesema nini.

Sikumwambia avue.

Akaliingiza kopo ndani akafunga mlango. Mama yako alisikia yote. Tulipofika kwenye kona nilisimama mbele yake nikamuuliza, amesemaje? Mwanangu, miaka yote hii huyu mwanamke hajawahi kunikatia neno, hata matusi ya watu alikuwa ananiletea kamili. Alinishika mkono tukaendelea kutembea.

Hajaniambia mpaka leo.

Ni mimi,
Baba yako.